Majina Sita Yaliyoitikiwa

Celedonio Arrambide alikuwa mwana wa Ireneo, Ireneo mwana wa Cleto, Cleto mwana wa Martín, na katika mji wa Paso Sauce jina hilo halikuhitaji dhamana. Martín alifika pale kwa miguu akiwa mchonga mawe, akajenga nguzo za daraja ambazo mto haujazing'oa hadi leo. Cleto alikuwa mwamuzi wa mipaka ya mashamba. Wenye ng'ombe elfu na wenye ng'ombe watatu walimwamini sawasawa. Ireneo alisoma sheria, akawa mthibitishaji wa hati za mji mzima, na husemwa kwamba katika miaka thelathini hakuna karatasi yenye sahihi yake iliyowahi kurudishwa. Hakuna hata mmoja wao aliyemfungia mtu mlango siku ya mvua.

Ireneo ndiye aliyeleta Paso Sauce klabu ya Udugu wa Mlango Wazi, mwaka 1938, na hati yake ilitundikwa katika ukumbi wa nyuma wa Hoteli ya Stesheni, ndani ya fremu ya mti wa mlapacho. Udugu ule ulijengwa kama nyumba isiyo na mfalme. Kila klabu ilikuwa mwenyeji katika mji wake: ilichagua kazi yake na kuapisha watu wake. Vilabu vichache vilifanya kanda, kanda zilifanya wilaya, na wilaya ilikuwa na gavana asiyelipwa, ambaye alipaswa kuzuru kila klabu mara moja katika mwaka wake, hata iwe mwisho wa barabara ya vumbi. Juu ya magavana alikuwapo rais wa dunia nzima. Lakini hakuna aliyekaa kitini zaidi ya mwaka. Tarehe mosi Julai, duniani kote, vyeo vyote vilibadilika kwa siku moja, na aliyevaa mkufu jana alipanga viti leo. Aliyeruhusiwa kurudia alikuwa katibu tu, maadamu mwandiko wake unasomeka. Mwandiko wa Celedonio, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya mji kwa muda mrefu, ulisomeka kwa miaka thelathini na mitano.

Kanuni nyingi za Udugu zilikubali kunyumbulika. Moja haikukubali: klabu ni watu ishirini walio hai, wanaohudhuria na kuitika. Wakipungua, gavana huishusha hati ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Klabu hupewa siku tisini kutafuta watu, na miradi yake yote huondolewa katika orodha ya mwaka huo.

Celedonio alishika ukatibu baada ya mafuriko makubwa. Mashua iliyokuwa ikiokoa watu pale kinu cha mchele ilikuwa na wanachama sita pamoja na mvushaji mmoja wa kuajiriwa, Rúben Silvera, aliyeshika makasia. Ukuta wa kinu uliwaangukia. Mvushaji alitoka na mtoto mdogo mgongoni. Wale sita hawakutoka, na mmoja wao alikuwa Ireneo.

Alhamisi iliyofuata, katibu mpya alisimama na daftari la mahudhurio, na kwa mazoea ya orodha iliyokwisha kuandikwa akaita, “Ireneo Arrambide.” Alipogundua alichokifanya, akataka kufunga daftari. Ndipo ukumbi mzima uliposimama na kuitika kwa sauti moja: “Yupo!” Akaita wa pili, wakaitika. Akaita hadi wa sita. Tangu siku hiyo majina yale yaliitwa kila Alhamisi, na kila Alhamisi yaliitikiwa. Na Celedonio, ambaye hakuwahi kuitikiwa jina bila kulitia mstari, aliyatia mstari hayo pia. Mwisho wa mwezi alijumlisha mistari, akapeleka jumla wilayani.

Klabu ilipokuwa na watu arobaini na nane, hakuna aliyeona tofauti.

* * *

Mei ya mwaka 1994 iliingia na baridi ya kukata masikio. Siku moja mvua ilipokuwa ikinyesha, Celedonio, mwenye umri wa miaka sabini na sita, alikaa jikoni kwake mbele ya kibuyu cha chai ya yerba na mrija wake wa fedha, akafungua bahasha kutoka wilayani. Ndani mlikuwa na fomu mpya.

Fomu ile ilisubiriwa kama mtoto wa kwanza. Paso Sauce ilikuwa na wagonjwa wanne wa figo, ambao mara tatu kwa wiki walisafirishwa kilomita mia na arobaini kwenda kusafishiwa damu, na kilomita mia na arobaini kurudi. Klabu ya mji mmoja wa bandari, ng'ambo ya bahari, ilikuwa imekubali kushirikiana na ile ya Paso Sauce; Mfuko wa Udugu ungeleta mashine mbili. Kilichobaki ni gavana kufika, kuikagua klabu, na kutia sahihi.

Celedonio alinoa penseli, kisha akaiweka kando na kuchukua kalamu ya wino, kwa sababu jambo la heshima haliandikwi kwa penseli. Akaandika majina kwa mpangilio wa alfabeti. La kwanza lilikuwa Arrambide, Celedonio. La pili lilikuwa Arrambide, Ireneo.

Safu iliyofuata ilidai tarehe ya kuzaliwa. Akaandika: 4 Machi 1898.

Safu iliyofuata ilidai sahihi ya mwanachama.

Kalamu ikasimama. Tone la wino likaanguka karatasini, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa na miaka tisa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la kioo. Kisha akahesabu majina kwa kidole, kama wanafunzi wake wa darasa la kwanza. Ishirini na matatu. Akaondoa sita.

Kumi na saba.

Hakuwa amesema uongo hata siku moja kwa kukusudia. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: miaka yote hiyo alipeleka jumla ya uongo kwa mwandiko mzuri, na kwa heshima.

* * *

Wilmar Perdomo, mwenye duka la dawa, ndiye aliyekuwa rais wa klabu mwaka ule. Alikuwa mtu mnene, mwenye mzaha, ambaye hata dawa ya kikohozi aliiuza na kichekesho. Alisikiliza habari ile akiwa ameegemea kaunta, akaangalia mlangoni kama kuna mteja, akashusha sauti.

“Don Celedonio, nani mwingine anajua?”

“Mungu.”

“Huyo hayumo kwenye kamati ya wilaya.” Akacheka, alipoona mzee hacheki, akanyamaza. “Sikiliza, mwalimu. Sahihi sita tu. Wale wazee wasingekataa. Unadhani Don Ireneo angekuwapo angesema nini? Angesema, ‘Leteni kalamu.’”

“Baba yangu alikuwa mthibitishaji wa hati, Wilmar. Kugushi sahihi yake ni sawa na kumwibia padri kikombe.”

“Basi nitagushi mimi! Wewe geuza uso. Mimi mwandiko wangu ni wa mfamasia, hata shetani hausomi.”

“Uso wangu sijawahi kuugeuza, na shingo hii imezeeka mno kujifunza.”

Wilmar alijipiga paji la uso kwa kiganja. “Haya, usiandike chochote. Gavana akija, ita majina kama kawaida. Tutaitika ‘Yupo’ kama kawaida. Yeye atahesabu sauti, hatahesabu pua. Hapo tumekosea nini? Tumefanya desturi yetu.”

Hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko la kwanza, kwa maana lilivaa nguo za heshima. Mzee alivaa kofia yake, akaondoka.

Nyumbani alimkuta mjukuu wake Maite, binti wa miaka ishirini na minne, muuguzi wa hospitali ya mji, akikaanga mikate ya mafuta kama ilivyo ada siku ya mvua. Ni yeye aliyewasindikiza wagonjwa wanne katika gari lao. Aliongoza pia Klabu ya Vijana, tawi ambalo Udugu uliliweka kwa wasiotimiza umri, nao vijana ndio waliobeba vitanda na viti vya magurudumu mji mzima huku wazee wakiandika kumbukumbu. Celedonio alimweleza yote, maana hakuzoea kula na mtu huku amemficha jambo.

Maite aliacha kugeuza mikate.

“Ukisema kweli, mashine haziji.”

“Haziji mwaka huu. Mwakani tutapanga foleni upya.”

“Babu, mwakani ni neno la wenye figo nzima.” Akazima jiko. “Rúben Silvera anashuka kwenye gari akiwa mweupe kama chokaa. Juzi nilimshika kwapani asianguke. Hafiki mwakani. Nakwambia mimi ninayempima.”

“Nimekusikia.”

“Umenisikia, lakini umeshaamua. Akina Arrambide ndivyo mlivyo: mnaamua kwanza, mnasikiliza baadaye.”

“Maite, adabu.”

“Adabu ninayo, Babu. Ndiyo maana nasema hapa jikoni, sisemi barabarani.”

Mzee hakula usiku ule. Kutajwa kwa Rúben Silvera kuliamsha kitu alichokuwa amekilaza kwa miaka mingi. Alishusha kabatini madaftari ya kumbukumbu, akayasoma moja baada ya jingine.

Klabu ya Paso Sauce ilikuwa na kanuni ndogo zake. Udugu ulimwacha kila mwenye nyumba apange samani zake. Kanuni hizo zilisema mwanachama awe mwanamume, awe ametimiza miaka thelathini, awe na taaluma. Zilisema pia kwamba jina la mtu mpya lipigiwe kura kwa maharagwe, meupe kwa kukubali, meusi kwa kukataa, ndani ya chungu kilichofunikwa, na harage moja jeusi litoshe. Celedonio alihesabu waliokataliwa katika miaka ile: watu thelathini na wawili. Fundi wa redio. Mwoka mikate. Mwalimu mmoja, kwa kuwa babaye alikuwa amefilisika. Rúben Silvera, mwaka 1971. Rúben Silvera tena, mwaka 1983.

Kura ile ilikuwa ya siri, lakini si kwake. Mara zote mbili harage jeusi la Rúben lilitoka katika mkono wa Celedonio Arrambide. Sababu aliyojipa ilikuwa kwamba mvushaji hana taaluma. Sababu ya kweli hakuwahi kuitamka: Rúben alirudi, na baba yake hakurudi.

Akaelewa jambo moja pale alipokaa. Laiti daftari lake lingesema kweli, klabu ingeona mapema kwamba inakwisha, ingefungua mlango kwa hofu kama si kwa wema. Lakini kila mwezi wale sita waliijaza nafasi. Wafu walikuwa wameketi katika viti vya walio hai, na yeye ndiye aliyewakalisha.

* * *

Alasiri ya Jumatano gari la wagonjwa lilisimama mbele ya hospitali. Rúben Silvera alishuka wa mwisho, mzee mrefu mwenye mabega ya makasia yaliyobakia mifupa. Kwa miaka thelathini na mitano watu wawili hawa walikuwa wakisalimiana kwa kugusa kofia tu. Celedonio alivua ya kwake.

“Don Rúben, naomba kuketi nawe.”

“Ukuta ule hauna mwenyewe. Keti.”

Wakaketi juu ya ukuta mfupi, katika jua hafifu la baridi. Celedonio alieleza habari ya sita, ya kumi na saba, na ya mashine. Hakupunguza kitu.

“Umekuja kuniomba ruhusa, au msamaha?” Rúben aliuliza.

“Vyote viwili.”

“Ruhusa si yangu. Tuko wanne garini, na yule mama wa Cerro Chato ana watoto wadogo. Ukimuuliza yeye, atakwambia utie sahihi hata ya Farao.” Akakohoa, akatulia. “Msamaha wa nini?”

“Harage jeusi.”

“Ahaa. Hilo.” Rúben alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. “Nilijua tangu zamani. Ile barua ya kunikataa uliileta mwenyewe, mwandiko umenyooka kama reli, lakini mkono ulioishika unatetemeka. Nikasema moyoni, mwalimu kafanya utundu.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme kwa nani? Kwa katibu?”

Celedonio aliinamisha kichwa. Rúben akasema taratibu, “Hujawahi kuniuliza siku ile ilikuwaje. Mji mzima uliniuliza, isipokuwa wewe.”

“Nakuuliza sasa.”

“Tulikuwa tumewatoa wote pale kinuni. Tuliamini hivyo. Tuko ufukoni, mvua inapiga, huoni mtu wa hatua tatu. Baba yako akashika orodha ya wapagazi wa kinu na jamaa zao, akaita jina jina. Lilipofika jina la yule mtoto, shangazi yake akaitika, ‘Yupo!’ Hakudanganya, maskini. Alidhani yuko kwa mama yake, na mama alidhani yuko kwa shangazi. Baba yako akasema, ‘Sikumwita shangazi. Ajibu mwenyewe.’ Kimya. Akaita tena. Kimya. Akakunja orodha, akaitia kifuani, akasema, ‘Rúben, turudi.’ Wenzake watano wakaingia mashuani bila kuitwa.” Akatazama mikono yake. “Mtoto alinipa yeye, kupitia dirishani. Ndipo ukuta ukaja. Sikumchagua mtoto nikamwacha baba yako, mwalimu. Baba yako ndiye aliyechagua.”

Watu walipita, wakashangaa kumwona mwalimu mkuu wa zamani amekaa juu ya ukuta kama mvulana, kofia imeanguka chini, naye haokoti.

“Sasa nenda,” Rúben alisema, “ukafanye alichofanya. Mimi naingia ndani, miguu inanigandia.”

* * *

Gavana wa wilaya mwaka ule alikuwa Doña Nélida Bruschi, daktari wa mifugo, mwanamke mfupi aliyefika akiendesha mwenyewe gari lililojaa matope. Ukumbi wa Hoteli ya Stesheni ulipangwa vema: bendera, kengele ya mkutano, nyundo yake ya mti, na viti ishirini na vitatu. Vijana waliruhusiwa kusimama ukutani. Maite alikuwa miongoni mwao, amekunja mikono, haangalii upande wa babu yake.

Wilmar aligonga kengele. Celedonio akasimama na daftari.

“Aparicio Bentos.”

“Nipo.”

“Celedonio Arrambide.” Akajijibu mwenyewe, “Nipo,” na kujitia mstari.

Aliendelea hadi wote kumi na saba wakaitika. Wilmar alimtazama kwa macho ya kusihi. Celedonio akafungua ukurasa wa pili.

“Ireneo Arrambide.”

“Yupo!” Viti vilikwaruza, watu walisimama, sauti ilitetemesha vioo. Doña Nélida aliinua kichwa.

Celedonio aliinua mkono.

“Samahani, ndugu zangu. Sikuwaita ninyi. Ajibu mwenyewe.”

Akaita tena, “Ireneo Arrambide,” na akangoja, kama mtu anayengoja kweli. Akaita, “Fermín Bidegain,” akangoja. “Aquiles Trindade. Leopoldo Sanz. Hermógenes Cuello. Tomás Viera.” Baada ya kila jina aliuacha ukimya ukae mahali pake. Don Aparicio Bentos, aliyecheza karata na wanne kati yao, alianza kulia waziwazi.

“Mheshimiwa Gavana,” Celedonio alisema, “klabu hii ina watu kumi na saba. Imekuwa chini ya ishirini kwa miaka mitano. Wilaya haikujua kwa sababu mimi, katibu, niliwahesabu waliokufa. Hakuna mwingine aliyeshika kalamu. Tena, klabu hii haikukosa watu. Tuliwakataa, thelathini na wawili, kwa maharagwe. Mawili ya meusi yalikuwa yangu, nayo yalimwangukia mtu mmoja, bila kosa lake.”

“Mwalimu, inatosha!” Wilmar alisema.

“Haijatosha, ila nimemaliza.” Akaketi.

Doña Nélida alilaza viganja vyake vipana juu ya fomu. Aliposema, hakupaza sauti. “Don Celedonio, ungenipa karatasi iliyojaa, ningetia sahihi. Nina vilabu hamsini na moja, sina muda wa kupekua makaburi.”

“Najua, Mheshimiwa.”

“Na unajua ninachopaswa kufanya.”

“Kanuni hiyo niliwafundisha mimi marais thelathini na watano.”

Doña Nélida alivuta kiti, akapanda, maana alikuwa mfupi, akaishusha hati. Ukutani ikabaki alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi iliyoizunguka. Aliifuta hati vumbi kwa mkono wa koti lake kabla ya kuikumbatia. Mlango ulifunguka na kufungwa: Maite alikuwa ametoka.

* * *

Siku tisa Maite hakumsemesha babu yake zaidi ya salamu. Siku ya kumi alimkuta amesimama kizingitini kwa mwoka mikate, kofia mkononi, akisema, “Mwaka 1966 tulikukosea. Nimekuja kukualika, nawe una haki ya kunifukuza.” Mwoka mikate alimwambia aingie kwanza ndani, supu inapoa. Maite alisimama njiani akitazama. Kisha akaenda kuketi na vijana wake.

Alhamisi ya mwisho ya Juni, kanuni ndogo zilifutwa kwa kuinua mikono. Wilmar alikishika chungu cha maharagwe, akauliza yafanyweje.

“Yapikwe,” mtu mmoja alisema.

“Haya? Yana miaka hamsini na sita! Yatavunja sufuria, kisha meno.” Ulikuwa mcheko wa kwanza katika ukumbi ule baada ya siku nyingi, nao ulikuwa mfupi.

Waliapishwa kumi na wawili usiku huo: watano kutoka Klabu ya Vijana, Maite akiwa wa kwanza, na saba katika wale waliokataliwa. Rúben Silvera aliletwa kwa kiti cha magurudumu cha klabu. Jina lake lilipoitwa alishika kingo za kiti, akajisukuma hadi akasimama wima.

“Nipo,” alisema.

Aliitika hivyo Alhamisi saba. Ya nane kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amefariki Jumanne garini, katika kilomita ya tisini ya kurudi, kichwa chake kikiwa begani kwa Maite. Hati ilirudishwa ukutani Septemba, ikiwa na majina ishirini na manane. Mashine zilikuja Novemba ya mwaka uliofuata. Mama wa Cerro Chato alikuwa wa kwanza kulala kando ya mojawapo. Celedonio hakuhudhuria sherehe ya kuzizindua. Alikuwa makaburini, amesimama mbele ya jiwe la Rúben, na alichosema pale hakukiandika katika daftari lolote.

Lakini ile Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, katibu mpya, ambaye ndiye Maite, alifika kwenye jina la Silvera, akasita. Vijana wote vitini wakainuka, midomo tayari kuitika kwa upendo. Celedonio aligonga sakafu kwa fimbo yake.

“Ketini,” alisema. “Majina ya waliokufa tutayasoma mwanzo wa mkutano, sote tukiwa wima, kofia mkononi, na hatutayaitikia. Ukimya ni wao, tusiwanyang'anye. Nami nawaambia ninyi mlio na damu ya moto, mnisikilize vizuri maana sitarudia: nilipenda wafu wangu mpaka nikawafungia nje walio hai, na mtu aliyelipa si mimi. Asimwitikie mtu mwenzake, hata kwa mapenzi. Likiitwa jina na kukawa kimya, msijaze kimya kile kwa sauti zenu. Ondokeni vitini, mkatafute aliyebaki kinuni. Na likiitwa jina lako, wewe kijana, jibu mwenyewe. Haya, katibu. Anza upya, kuanzia mwanzo.”